Jua la Utosi na Mwendesha Bodaboda

Maelezo ya Afisa Afya wa Kata mbele ya wakazi, waendesha pikipiki na wamiliki wa vyombo hivyo, kabla ya majira ya joto ya Septemba na Oktoba



Nimeombwa nizungumzie joto. Natambua kwamba mkazi wa Kigoma akiitwa mkutanoni kuelezwa habari za jua anaweza kuona kama anapotezewa muda wake. Jua tumezaliwa nalo. Dagaa wetu hukaushwa nalo pale Kibirizi, na mihogo yetu pia. Lakini jua linalokausha dagaa kwa siku moja ndilo hilo hilo linalomwangukia kijana aliyekaa juu ya tangi la pikipiki kuanzia asubuhi hadi magharibi, na tofauti yake na dagaa ni kwamba yeye ana abiria mgongoni na barabara mbele yake.

Nianze na majira, maana hapa ndipo tunapojidanganya. Mwezi wa Juni na wa Julai kiangazi chetu ni cha upole. Upepo wa kusini-mashariki huvuma ziwani, usiku hupoa, na wazee hutafuta makoti. Kuanzia Agosti mambo hubadilika, na kufikia Septemba na mwanzo wa Oktoba ardhi imekauka, nyasi zimechomwa milimani, moshi na vumbi vimetanda, na mvua bado haijaja kutuokoa. Zaidi ya hayo, Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na kwa sababu hiyo jua hutupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mara moja katika wiki ya kwanza ya Oktoba, na mara nyingine mwanzoni mwa Machi. Machi huwa tuna mawingu ya mvua yanayotukinga. Oktoba hatuna kitu. Jua husimama wima juu ya vichwa vyetu wakati anga ni tupu na ardhi ni kavu, na kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Tunasema jua la utosi ni la saa sita mchana. Kwa Kigoma sivyo. Saa tunayoitumia nchi nzima imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali kabisa na hapa, baharini huko mashariki ya pwani yetu. Sisi tupo karibu nyuzi 30. Jua hutumia dakika 4 kwa kila nyuzi moja, basi hutufikia sisi takriban saa nzima baada ya kuupita mstari ule. Mwanzoni mwa Oktoba jua la Dar es Salaam hufika utosini kiasi cha saa sita na dakika kumi, na la kwetu hufika saa saba kasoro dakika kumi hivi. Na hewa haifiki kilele cha joto jua linapokuwa utosini. Huchukua saa mbili au tatu zaidi, kama sufuria ambayo huendelea kupata moto baada ya mkaa kushika. Maana yake ni kwamba anayesikia redioni ushauri wa kujikinga kuanzia saa sita hadi saa tisa, kisha akarudi barabarani saa tisa akidhani hatari imekwisha, kwa hapa petu amerudi wakati wenyewe wa joto. Saa zetu ngumu ni kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi jioni. Naomba hesabu hiyo ikae vichwani mwetu, kwa sababu maelezo mengine yote yanaifuata.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza joto la Kigoma kila siku, na kwa miezi hiyo mara nyingi mtasikia nyuzi 30 au zaidi kidogo. Kijana wa kijiweni husikia akacheka, maana yeye anahisi zaidi. Wala hakosei. Kipimajoto cha wataalamu huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kivulini, juu ya nyasi, urefu wa kifua cha mtu. Hakikai juu ya lami. Lami nyeusi chini ya jua la Oktoba huweza kupita nyuzi 50, na aliyesimama juu yake hupokea moto kutoka juu, kutoka chini, na kutoka kwenye injini iliyo katikati ya magoti yake.

Sasa tuuangalie mwili. Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa karibu na nyuzi 37, na njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Mwendesha pikipiki, akiwa katika mwendo, ana bahati ambayo mpiga jembe hana: upepo humkausha jasho upesi na kumpoza. Lakini bahati hiyo ina hila ndani yake. Jasho likikauka mara litokapo, mtu haoni kwamba ametoka jasho. Shati ni kavu, paji la uso ni kavu, naye hujiona yu salama. Kumbe maji yametoka mwilini vile vile, pengine lita moja kwa saa ikiwa kazi ni nzito, na kilichobaki ni chumvi nyeupe kwenye mkanda wa kofia. Mkulima hujiona amelowa akakumbuka kunywa. Dereva wa bodaboda hukumbushwa na kichwa kuuma.

Na kichwa kikianza kuuma, kazi imekwisha kuharibika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwapa madereva maji ya kutosha siku moja, na siku nyingine wakawapa kidogo tu, kisha wakawaendesha kwenye mtambo wa kuigiza barabara. Siku ya maji kidogo makosa yaliongezeka zaidi ya mara mbili: kuvuka mstari, kuchelewa kushika breki. Walikuwa watu wachache, na hawakuwa juu ya pikipiki wala chini ya jua la Afrika. Walikuwa wameketi ndani ya chumba. Kila mmoja wetu na apime mwenyewe hali ya kijana ambaye tangu chai ya asubuhi hajanywa kitu, anayeingia mzunguko wa Mwanga saa tisa alasiri na abiria wawili.

Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu. Kikombe kimoja kila baada ya dakika ishirini au nusu saa kinamtosha anayefanya kazi juani, na ni bora kuliko kukaa siku nzima mkavu kisha kubugia lita mbili jioni. Chombo cha lita moja na nusu kifungwe kwenye pikipiki, kifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa. Upepo utayapoza maji kama mtungi unavyoyapoza nyumbani. Maji yawe yamechemshwa au yametibiwa, kwani sitaki kumtoa mtu kwenye joto nikamtia kwenye kuhara. Aliyetoka jasho jingi apate na chumvi: chakula cha kawaida cha mchana, ugali na mgebuka wenye mchuzi, kinamrudishia. Anayesikia misuli ikikaza anaweza kutengeneza kinywaji kile kile tunachowapa watoto wanaoharisha, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Rangi ya mkojo itamwambia mengine. Ukiwa wa manjano iliyoiva, mwili unadai.

Naulizwa sana juu ya vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Havimpi mtu nguvu. Humficha uchovu wake, na mtu aliyefichiwa uchovu huendesha mpaka uchovu umwangushe. Kahawa ya kikombe kidogo, ile ya vibarazani Ujiji, siikatazi, wala nisingethubutu kuikataza mbele ya wazee hawa. Pombe ni habari nyingine, na nadhani sihitaji kuieleza kwa mtu anayebeba roho za watu.

Kwa ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Ramadhani ukiangukia siku za jua kali, kazi igawanywe: alfajiri mpaka saa tano, kisha baada ya futari. Daku iwe na maji ya kutosha. Yanayohusu ruhusa na udhuru ni ya masheikh wetu, nami nawaomba wayazungumze na vijana hawa mapema kuliko kusubiri mtu aanguke.

Hapa naingia katika jambo ambalo pengine wengine wataona si la afisa afya. Niliwauliza vijana wa vijiweni: kwa nini hampumziki saa zile ngumu? Jibu lao halikuwa la kiafya. Walijibu: hesabu. Kijana ambaye pikipiki si yake anadaiwa hesabu ya siku, na hesabu haijui jua wala mvua. Anayeendesha kwa mkataba wa kununua chombo anaogopa zaidi, maana akikosa siku kadhaa chombo hurudi kwa mwenyewe na fedha alizokwisha kulipa hupotea. Kwa hiyo ninapomwambia apumzike saa mbili kivulini, ananisikia kama mtu anayemwambia alale njaa. Ninawaeleza ninyi wamiliki kwa heshima, kwani wengi wenu ni watumishi, wafanyabiashara na wajane mliowekeza akiba yenu katika chombo hicho, wala siwaoni kuwa watu wabaya. Lakini hesabu ya siku ndiyo inayompeleka kijana barabarani saa nane mchana kutafuta abiria ambao wenyewe wamejificha kivulini. Vijana wamenieleza kwamba saa hizo huzunguka na kuchoma petroli kwa faida ndogo. Hesabu ikipangwa kwa wiki, kijana anaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri, akapumzika mchana, akarudi jioni, na mwisho wa wiki fedha ikatimia. Mmiliki hapotezi shilingi. Anapata chombo kisichochemka na dereva asiyelala usukani. Maafikiano hayo yaandikwe, yashuhudiwe na mwenyekiti wa kijiji, kila mmoja abaki na nakala yake.

Wala si jambo geni katika nchi hii kupanga kazi kwa kulifuata jua. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, ilianza mwendo kabla ya mapambazuko na kupiga kambi jua lilipopanda. Wapagazi walibeba pembe na vitambaa, na hakuna mkuu wa msafara mwenye akili aliyewatembeza na mizigo hiyo saa nane mchana, kwa sababu mpagazi akianguka mzigo nao umelala. Miembe mikubwa inayoonekana Ujiji hadi leo ni kumbukumbu ya njia ile na ya haja ya kivuli. Watu wale hawakuwa na kipimajoto, ila walijua.

Nije kwenye kofia ngumu, na najua manung'uniko yake. Ndani kunachemka. Inanuka. Abiria wanaikataa. Mama aliyesuka hataki kuivaa. Basi wengi huining'iniza kwenye kiwiko mpaka waone askari kwa mbali. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa kiasi cha asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42 kwa wanaopata ajali. Sifahamu dawa yoyote katika kabati la zahanati yetu inayoweza kuahidi hivyo. Jua halibatilishi sababu ya kuivaa. Ni siku za jua ndipo akili inapolegea na ajali inapokaribia. Kinachowezekana ni kuifanya ivumilike. Chagueni yenye matundu ya hewa, na matundu yasizibwe kwa gundi na picha za wanamuziki. Rangi nyeupe hupokea joto kidogo kuliko nyeusi. Dereva avae kitambaa chepesi cha pamba chini yake, akibadilishe mchana. Awe na vitambaa safi kadhaa vya kuwapa abiria, na kofia ya abiria ifuliwe utando wake wa ndani kila wiki kwa sabuni ya kawaida, ikaushwe kivulini. Isipanguswe kwa petroli, kwani petroli hula ile povu ngumu ya ndani ambayo ndiyo inayomeza kishindo. Nimeona kofia nzuri kwa nje ambayo ndani imebaki kama andazi lililotafunwa na panya.

Kuhusu mavazi, kuna watu huwacheka vijana wetu kwa kuvaa majaketi mazito mwezi wa Septemba. Nusu ya kicheko hicho hawakistahili. Mkono mrefu ni bora kuliko mkono wazi, kwani ngozi iliyofunikwa haipokei jua moja kwa moja na haichuniki kirahisi mtu akiteleza. Tatizo ni unene na weusi. Shati la pamba la mikono mirefu, la rangi ya kung'aa, na juu yake kizibao cha reflekta, linatosha mchana; jaketi zito libaki la alfajiri na usiku. Kitambaa kilicholowa kikizungushwa shingoni husaidia sana katika miezi hii mikavu, alimradi ncha zake zichomekwe ndani, zisipeperuke kuelekea gurudumu.

Abiria nao wana sehemu yao. Mishikaki, yaani kupakia watu wawili au watatu, ni hatari kila siku, na siku za joto ni mbaya zaidi kwa sababu waliobanana hawapati upepo. Lakini ninayemhofia zaidi ni yule asiyeonekana. Mama amembeba mtoto mchanga mgongoni, au amemweka kifuani kati yake na dereva, akamfunika kanga mpaka kichwani ili vumbi lisimpate. Anafanya hivyo kwa upendo. Ila mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko mtu mzima na hana jasho la kutosha kujipoza; amebanwa na mgongo wa dereva upande huu na kifua cha mama upande huu, na juu yake kuna kitambaa kisichopitisha hewa. Safari ya kutoka huku kwetu hadi Maweni ikichukua nusu saa, mtoto anaweza kushushwa akiwa amelegea, na watu wakasema ni homa. Uso wa mtoto uwe wazi. Msimame njiani kivulini, mama amnyonyeshe. Na kliniki ni ya asubuhi. Tumekubaliana na wenzangu wa zahanati kwamba akina mama wanaotoka mbali wahudumiwe kwanza ili warudi kabla ya jua kupanda. Mjamzito aliyepata dharura asisubiri kupatikana kwa pikipiki iliyo karibu. Ipigwe namba 115 ya mfumo wa M-mama, ambayo haina malipo.

Kuna na ekzosi. Watu huvaa nguo fupi siku za joto, na kila mwezi tunafunga vidonda vya ndama ya mguu wa kulia vya abiria walioshukia upande wa bomba. Ashuke upande wa kushoto. Akiungua, mguu umwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini kamili. Si dawa ya meno, si mawese, si asali. Mafuta hufungia joto ndani ya nyama.

Chombo chenyewe sitakisemea sana, kwa kuwa mafundi wapo hapa na wanakijua kunizidi. Nitataja mambo yanayotuletea majeruhi tu. La kwanza ni tairi. Wengine hupunguza upepo mchana wakisema joto litaipasua. Ni kinyume. Tairi yenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila inapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakoizidishia moto, mpaka kiraka cha tyubu kikaachia. Upepo upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, ujazwe kama mtengenezaji alivyoandika, basi. La pili ni petroli: tangi lisijazwe hadi mdomoni kisha chombo kikaachwa juani, kwa sababu petroli hutanuka na kuvuja juu ya injini yenye moto. Na zile chupa za petroli zinazopangwa mezani kando ya barabara, juani, karibu na jiko la chipsi, sijui niseme nini zaidi ya kwamba mvuke wake hauonekani, na petroli haihitaji kuguswa na moto ili iwake. Inahitaji kuukaribia tu.

La tatu linahusu mteremko. Mnaotoka Kalinzi kushuka Mwandiga mnaijua barabara ile: inashuka na kushuka. Kuna mtindo wa kuzima injini juu na kuserereka hadi chini ili kuokoa petroli. Chombo kilichobeba mkungu wa ndizi na abiria, kikishuka bila gia, hutegemea breki peke yake. Breki zetu nyingi za nyuma ni za ngoma, zimefungiwa ndani, na joto lake halina pa kutokea haraka. Siku ya jua huchemka kabla ya kona ya mwisho, na kijana hukanyaga akakuta hakuna kitu. Injini iwake, gia iwe ya chini, breki iguswe na kuachiwa. Petroli anayoiokoa mtu kwa kuserereka hainunui hata bandeji.

Sasa niseme juu ya mtu aliyezidiwa, na hapa naomba masikio yenu yote. Joto humpata mtu kwa hatua. Kwanza huja kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, ngozi kulowa na kupauka. Huyo bado ana fahamu zake. Apelekwe kivulini, avuliwe jaketi, anyweshwe maji taratibu, akae mpaka arudi sawa, na siku hiyo asipande tena. Hatua ya pili ni kiharusi cha joto. Mwili umefika nyuzi 40 au zaidi, na akili imeanza kupotea: anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, anagombana na watu bila sababu, au anaanguka na kutetemeka. Ngozi inaweza kuwa kavu na ya moto, lakini kwa mtu aliyekuwa kazini inaweza pia kuwa imelowa jasho, kwa hiyo msidanganywe na jasho. Kipimo ni akili yake.

Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na hilo limetufundisha mazoea yasiyofaa: kila mwili wenye moto tunausema ni malaria. Tunamfunika blanketi, tunatuma mtoto duka la dawa, tunasubiri. Kwa kiharusi cha joto, kusubiri huko kunaua, na blanketi linaharakisha. Mtu aliyekuwa juani, ana moto, na akili imemruka, apozwe kwanza pale pale alipo. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, ndoo baada ya ndoo, mpepeeni kwa kanga au kwa kipande cha boksi, wekeni vitambaa vyenye maji shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Kama tupo ufukweni, maji ya ziwa yanafaa kabisa. Achoteni mmwagieni, msimwingize ziwani mtu asiye na fahamu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, alazwe ubavu. Endeleeni kumpoza mkiwa njiani kumpeleka kituo cha afya. Vidonge vya kushusha homa havisaidii, kwa sababu hii si homa. Kipimo cha malaria kitafanyika kituoni, na huenda kweli akawa nayo pia. Mwenye malaria anayeendesha juani huzidiwa mapema zaidi. Lakini kupozwa kuje kwanza. Na ikiwa ameanguka pamoja na chombo, kofia isivutwe kwa nguvu: shingo ishikwe imara na mtu mmoja, mwingine alegeze mkanda, na kama anapumua vizuri aachwe nayo mpaka wafike wenye ujuzi.

Limebaki suala la vijiwe. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 duniani hufanya kazi katika joto lililozidi, na mwaka huo huo ukawa wa joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Hatuwezi kulizuia hilo kutoka hapa. Tunachoweza ni kuamua kijana wa kata hii asubiri abiria wapi. Nimezunguka vijiwe vyetu vyote. Vichache vina mti. Vingi vipo kwenye kona tupu kwa kuwa abiria wapo hapo, na vijana hujificha chini ya mwamvuli mmoja wa kampuni ya simu, kwa zamu. Michikichi tunayo kwa wingi, lakini mchikichi hautoi kivuli cha kukalia. Kivuli chake ni cha mtu mmoja, na kinahama.

Mapendekezo yaliyopo mezani kwa wenyeviti ni haya. Kila kijiwe kijengewe banda la nguzo, urefu usiopungua kimo cha mtu na nusu, liwe wazi pande zote. Kama ni la bati, chini ya bati iwekwe dari ya nyasi au majani ya michikichi, kwa sababu bati tupu lililo chini hugeuka jiko. Kila banda liwe na ndoo ya maji yaliyotibiwa yenye bomba na vikombe, na kikundi chenyewe kipange zamu ya kuijaza. Kwa wenye vikundi vilivyosajiliwa, ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kijana aliyechoka na hesabu ya mtu mwingine aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Fomu ni za bure.

Halafu miti. Mwarobaini hukua upesi na hutoa kivuli kizuri. Mwembe huchelewa, ila hudumu, ingawa watoto watarusha mawe na mtalazimika kuvaa kofia ngumu hata mkiwa mmekaa. Mashimo yachimbwe sasa, udongo ukiwa bado mkavu, yajazwe samadi, na miche ipandwe mvua za Novemba zikishakolea. Mwaka jana tulipanda tukaondoka, mbuzi wakala. Safari hii mti hautahesabiwa umepandwa mpaka uwe na uzio wa miiba na jina la kijiwe kinachoumwagilia hadi kiangazi kijacho. Daftari lipo kwa mtendaji wa kata. Vijiwe viwili vimeshajiandikisha, na vingine vinakaribishwa baada ya mkutano huu.

Nipo tayari kwa maswali, tuanze na wale waliosimama juani huko nyuma. Wasogee kwanza hapa kivulini.